Goti Lililotoka Ukutani

Siku ya kuniaga mlinipa kitenge, kuku wawili na hotuba ndefu. Kitenge nimeshona, kuku nimekula, hotuba nimeisahau. Kilichobaki ni ombi la Furaha, aliyerithi somo langu la anatomia: "Mama Zaina, utuandikie namna ulivyokuwa unafundisha goti." Furaha, binti yangu, unajua kuomba. Wengine wangeomba siri ya kupanda cheo, wewe unaomba goti! Basi kaa nikuandikie, wewe na wenzako. Sitaandika nilivyopanda wala kilichokuwa ndani ya bahasha ya mwisho wa mwezi, maana vyote viwili vilikuwa vifupi, haviwezi kujaza ukurasa.

Nilianza kufundisha katika shule yetu ya wauguzi hapa Kasongo nikiwa bado mwembamba, na hilo peke yake mtaona ni historia. Siku ya kwanza nilipewa chaki, ubao wenye ufa katikati, na somo la goti. Nikachora kwa bidii yangu yote. Mfupa wa paja juu, mfupa wa muundi chini, pia ya goti mbele. Kutoka benchi la nyuma sauti ikauliza kwa adabu kabisa: "Mwalimu, hicho ni kinu?" Darasa likaanguka kwa kicheko. Nilikasirika, nikamtoa nje yule mwenye kuuliza. Halafu nikarudi nyuma hadi mlangoni nikautazama ubao kwa mbali. Wallahi kilikuwa kinu, na mchi wake ulikuwa ndani.

Aliyeniokoa ni Mwalimu Gaspari, mkongwe wa shule, Mbangubangu wa Kabambare mwenye suruali pana na miguu myembamba. Yeye hakuwa na habari na ubao. Aliingia darasani, akapanda juu ya benchi, akakunja suruali, akachora goti lake mwenyewe kwa kalamu za biki: buluu kwa mifupa, nyekundu kwa kano. Kisha aliukunja na kuunyoosha mguu taratibu, na michoro ikatembea pamoja na ngozi. Wasichana waliinamisha vichwa kwa haya. Yeye akawaambia, "Mficha uchi hazai, na muuguzi mwenye haya anaua. Tazameni." Mchana alipokwenda nyumbani mke wake alimuuliza kila mara kama leo tena alikuwa amefundisha, maana shuka zote za nyumba ile zilikuwa na alama za biki.

Gaspari ndiye aliyenifundisha kwamba goti halisomwi, linashikwa. Lakini hata yeye hakuweza kujifungua ngozi ili tuone ndani. Kwa hiyo tulikwenda kwa mchinjaji. Hapo nawaachia shauri: ukimtuma mwanafunzi kununua goti la mbuzi, mwambie mguu wa nyuma, juu, karibu na tumbo. Usipomwambia atakuletea kile kiungo cha mguu wa mbele ambacho watu wote sokoni wanakiita goti, na kile, jamaa zangu, ni kifundo cha mkono wa mbuzi. Hakina pia ya goti, kile kifuniko cha mbele. Mtakitafuta kifuniko mpaka adhuhuri. Na lazima umsihi mchinjaji mapema, kwa sababu panga lake linapenda kupita hapo hapo katikati ya kiungo. Magoti ya mbuzi yalitusaidia miaka mingi. Yalikuwa na kasoro moja tu: mwisho wa somo wanafunzi waliyapika, na wale wasiokuwa na hamu ya kusoma walikuwa na hamu ya supu.

Goti la mbuzi lina tabia yake, na la mtu lina yake. Yale magegedu mawili yenye umbo la mwezi mchanga, yanayokaa kati ya mfupa wa juu na wa chini kama vitambaa vya kukingia, vitabu vinayaita menisko. Ndiyo yaliyonisumbua maisha yangu yote ya kazi. Ukiyachora yanakuwa mandazi. Ukiyaeleza kwa maneno wanafunzi wanaandika kila kitu, wanatikisa kichwa, na hawajaona kitu. Nilijua hawajaona, maana mimi mwenyewe nilikaa miaka nikiyafundisha kabla ya kuyaona vizuri.

Siku moja mwanafunzi wangu wa zamani, aliyekuwa anafanya kazi kwenye mashine ya skana huko Bukavu, alinitumia flashi ndani ya bahasha. Ilikuwa na picha za goti la mtu, zimepigwa na mashine kutoka kila upande, kisha kompyuta ikaziunganisha. Tulikuwa na projekteri iliyoletwa kwa ajili ya sherehe, na betri za jua. Nikaweka picha ukutani. Aibu gani ile! Kila mfupa ulikuwa mara mbili, mmoja mwekundu na mmoja wa buluu, umepishana na mwenzake kidogo, utadhani aliyechora alikuwa amekunywa. Nikampigia simu. Akacheka. "Mwalimu, inatakiwa miwani. Jicho moja jekundu, jingine buluu. Kila jicho litachukua picha yake, halafu goti litatoka ukutani lije mbele yako." Miwani iko wapi? Alikuwa amesahau kuiweka. Ndiyo wanafunzi wangu hao, wanajua skana lakini bahasha inawashinda.

Sasa mjue kwa nini mwaka ule nilionekana kwenye kila arusi ya Kasongo. Zawadi za arusi zetu zinafungwa kwa zile nailoni za kung'aa, nyekundu, buluu, kijani, na bi arusi akishafungua zinatupwa uani. Mimi nilikuwa uani. Nilikula pilau kwa heshima, nikapiga vigelegele kwa haki, halafu nikaokota. Shemeji yangu mmoja alinishika mkono: "Mama Zaina, mupo na shida gani nyumbani?" Nikamwambia nafundisha goti. Akaniangalia kwa huruma kubwa, akanifungia na nyama ya kupeleka.

Wanafunzi walitengeneza miwani wenyewe, kwa makaratasi magumu ya katoni za sabuni. Walikaa kwenye meza ndefu, wengine upande wa mlango, wengine upande wa dirisha, wanatazamana. Niliwapa mfano mmoja, akaushika msichana wa upande wa mlango, na kila mtu akawa anafuata aliye mbele yake. Nadhani wenye akili mmeshaona. Mimi sikuona.

Tukazima taa, tukafunga madirisha kwa vitenge, na goti likatoka. Subhanallah! Lilikaa hewani, kubwa kama mtu, linang'aa kama kioo hata mfupa wa nyuma ukaonekana kupitia wa mbele. Wengine walinyoosha mikono kulishika. Mvulana mmoja wa Salamabila aliinama, eti lisimgonge. Nilifurahi nikafundisha mpaka sauti ikakauka, na kesho yake nikawapa mtihani wa kuchora. Nusu ya darasa walichora goti zuri, halijapata kuchorwa hapa mjini. Nusu nyingine walichora zuri vilevile, ila pia ya goti ilikuwa nyuma, mahali pa kukunjia mguu.

Mabishano gani! Watu wa dirishani waliapa wameiona nyuma kwa macho yao. Watu wa mlangoni waliwaita vipofu. Nikawaambia wa dirishani, "Nyinyi muna magoti yenu wenyewe hapo chini ya meza, muyashike!" Mmoja akajibu kwa unyenyekevu, "Ndiyo Mwalimu, lakini ile ilikuwa ya skana." Hapo nikakaa chini nikacheka mpaka machozi. Nikakusanya miwani nikaipanga. Upande wa mlango wekundu ulikuwa jicho la kushoto, na upande wa dirisha, kwa kumfuata aliyewatazama, wekundu ulikuwa jicho la kulia. Ukibadilisha macho, goti linapinduka, la mbele linakuwa nyuma. Tangu siku ile nikaweka sheria, na Furaha anaijua: kabla ya kuvaa miwani kila mtu anaweka mkono mmoja juu ya goti lake, na hauondoi mpaka taa iwashwe. Mashine ikisema neno moja na mkono ukisema jingine, amini mkono, halafu angalia miwani.

Sasa nije kwa Ramazani, maana huyo ndiye goti gumu kuliko yote niliyofundisha, na wengine wenu mlikuwepo.

Ramazani alikuwa dereva wa pikipiki, anapeleka watu na mizigo kutoka Kabambare kwenda Salamabila kwenye dhahabu, na kurudi. Aliteleza kwenye daraja la miti, mguu ukabaki chini, mwili ukazunguka. Walipomleta hospitali, hapa jirani na shule, picha ya radio, yaani eksirei, ilionyesha mifupa mizima. Lakini goti lilikuwa limekwama. Lilikunjika nusu, halinyooki wala halikunjiki zaidi, na ukiligusa anapiga kelele. Daktari wetu kijana alilipima vizuri, akajua: menisko imepasuka, na kipande kimejikunja ndani kikaziba kiungo. Dawa yake ilikuwa Kindu, kwa daktari wa kupasua, akitoe kile kipande.

Ramazani alikuja na bibi yake, Bi Mwavua, aliyemlea tangu akiwa mchanga. Kama ilivyo desturi yetu ya utani wa bibi na mjukuu, alimwita "bwana yangu", na mke halisi wa Ramazani, aliyebaki Kabambare na watoto, akaitwa "mukewenza". Mzee huyu alikuwa mdogo wa umbo, lakini katika ukoo ule hakuna aliyeamua kitu kabla yake. Na alikuwa ameshaamua. Alikuwa ametuma mtu huko Wamaza kumwita Mzee Kalonda, mfunga mifupa. Kesho yake angefika, vijana wawili wangemshika Ramazani mabega, na Mzee Kalonda angeuvuta mguu mpaka unyooke.

Msinielewe vibaya. Mzee Kalonda simcheki. Nusu ya mikono iliyovunjika Kabambare aliifunga yeye, na imepona imenyooka. Lakini goti lililozibwa ndani ukilivuta kwa nguvu linapasuka zaidi, na linaweza kubaki gogo. Na mtu wetu asiyeweza kukunja goti ataishi vipi? Shamba ni kuinama na kuchuchumaa, choo ni kuchuchumaa, swala ni goti, pikipiki ni goti. Ramazani alilia mbele yangu bila kuficha. "Mama, bibi akisema nivutwe, nitavutwa. Siwezi kumukatalia. Lakini naogopa."

Daktari alikuwa ameshamweleza Bi Mwavua mara nyingi. Nikamuuliza bibi alielewa nini. Akasema, "Ule mutoto anasema vizuri sana. Maneno yake yote yako matamu. Sikusikia hata moja." Nikamuuliza kwa nini hataki Kindu. Akanikazia macho. "Kindu watapasua. Wakishapasua watakata. Mutu anaenda na miguu mbili anarudi na fimbo. Mimi muguu ya bwana yangu siachi huko."

Niliogopa mimi pia, maana sikuweza kumwapia kwamba huko mambo yatakwenda sawa, na mzee kama yule ananusa uongo toka mbali. Nikamwambia tu, "Bibi, mimi sikuja kukubembeleza. Kesho asubuhi nina somo. Njoo uone ndani ya goti. Ukishaona, amua unavyotaka, mimi sitasema neno tena." Akauliza, "Ndani ya goti ya nani?" Nikasema ya mtu mmoja wa Bukavu. "Amekubali?" Nikasema amekubali. Akasema basi atakuja kumsalimia.

Asubuhi akaja na kilemba kipya. Akatazama darasa zima limevaa nailoni machoni. "Hee! Na arusi iko ya nani?" Tukampa benchi la mbele. Ramazani aliwekwa kwenye kiti pembeni, mguu juu ya mto. Nikampa bibi miwani, nikazima taa. Halafu bibi akasimama ghafla akaanza kutafuta mlango. "Hii haiko goti ya mutu! Kifuniko iko nyuma! Mimi nimezaa watu, sijazaa majini. Ramazani, twende!"

Nilijua akitoka hatarudi, na pikipiki iliyombeba Mzee Kalonda ilikuwa imekwisha kuingia uani, tulisikia ikizimwa. Wanafunzi wengine walianza kucheka, nikawakemea kwa sauti ambayo sijui niliipata wapi. Furaha, siku hizo bado mwanafunzi, peke yake hakucheka wala hakuogopa. Alimpigia bibi goti, akamshika mkono, akauweka juu ya goti la bibi mwenyewe. "Kifuniko chako kiko wapi, Bibi?" "Kiko mbele, kitakuwa wapi?" "Basi na cha huyu kiko mbele. Ruhusu nikuvalishe." Miwani ilikuwa juu chini, kwa hiyo wekundu ulikuwa umehamia jicho lingine. Furaha akaigeuza.

Bi Mwavua alikaa polepole. Akanyoosha mkono wake mwingine hewani, akafungua vidole, akafunga. Hakushika kitu. Akajaribu tena. "Linapita," akasema kwa sauti ndogo. "Lakini ni la mutu." Nikabadilisha picha. Sasa lilikuwa goti la mgonjwa mwingine aliyepimwa kule kule Bukavu, nalo lilikuwa kwenye flashi ile ile, lililozibwa kama la Ramazani. Mwezi mchanga mmoja ulikuwa umechanika ukingoni, na utepe wake umelala katikati ya mifupa miwili. Nikaonyesha kwa ufito. Sikusema menisko. Nikasema, "Hiki ndicho kilichokwama." Akakitazama muda mrefu, kichwa upande huu, kichwa upande ule. Halafu akauliza swali ambalo nilikuwa naliombea Mungu: "Na wakivuta?"

Sikumjibu mimi. Nilitoka nje nikamwita Mzee Kalonda. Alikuwa amesimama uani na mfuko wake wa vijiti na mafuta, kofia mkononi, mtu mrefu asiye na haraka. Nikamsalimia kwa heshima, nikamwambia mgonjwa wake yuko ndani na kuna kitu ningependa akione kabla ya kuanza. Angeweza kukasirika, na wallahi nisingemlaumu. Aliingia, akavaa miwani ya nailoni juu ya uso wake mzito, na safari hii hakuna aliyecheka.

Alisogea mpaka karibu na ukuta. Akarudi nyuma. Akaomba aone tena goti zima, halafu lililochanika, halafu zima. Akaenda kwa Ramazani, akaweka viganja vyake viwili ubavuni mwa goti, akalisikiliza kwa vidole bila kulivuta hata kidogo. Akauliza ule utepe uko upande gani. Nikamwambia wa ndani. Akabonyeza hapo kidogo, Ramazani akauma meno. Mzee Kalonda akavua miwani, akaikunja vizuri, akanirudishia.

"Mama Mwavua," akasema, "mimi navuta mifupa. Hii haiko mufupa. Nikivuta nitapasua. Pelekeni Kindu."

Bibi alikuwa bado amevaa miwani, na machozi yalikuwa yanatoka chini ya nailoni. Alimtazama Ramazani kwa miwani ile ile. Halafu akanielekea mimi. "Mama Zaina, umesikia. Anaenda. Lakini wakikata hii muguu, mimi nitahamia kwako. Utanilisha mpaka siku ya kufa, na mimi sina haraka ya kufa." Nikamwambia nyumba iko wazi. Jioni nyumbani nikakaa jikoni peke yangu, nikahesabu godoro nitaliweka wapi.

Alipasuliwa Kindu. Habari zilinifikia kidogo kidogo, kama zinavyofika kwetu: mmoja alisema amepona, mwingine akasema amemwona na magongo, wa tatu alikuwa anamzungumzia Ramazani mwingine kabisa. Bi Mwavua hakuhamia kwangu, nikajua mguu upo. Lakini mguu kuwepo na goti kufanya kazi ni mambo mawili, na jambo hilo la pili hakuna aliyeniambia. Nilistaafu bila kujua.

Mvua zilipoanza, nilialikwa Kabambare kwenye arusi ya mwanafunzi wetu mmoja. Asubuhi pikipiki ikapiga honi mlangoni. Alikuwa Ramazani, amekuja kunichukua, amenenepa kidogo, koti jipya. Bibi, akasema, anasalimu na anauliza kama nimeshakosa mtu wa kula naye. Nilimtazama akitembea kufunga mzigo wangu. Alitembea vizuri. Lakini kutembea hata goti lililoharibika linaweza, na sikutaka kumuuliza, niliogopa jibu. Nikapanda.

Njiani, kabla ya mto, tukaingia kwenye matope mazito na mnyororo ukatoka. Nikashuka nikasimama pembeni nimeshika kitenge changu juu. Ramazani akazunguka pikipiki, akatafuta mahali pagumu pa kuweka miguu, akachuchumaa. Akashuka mpaka chini kabisa. Visigino vyote viwili ardhini, magoti yote mawili yamekunjwa mpaka mwisho, mapaja yamelala juu ya miundi, na yeye anapiga mluzi huku akirudisha mnyororo kwenye meno ya gurudumu. Niliona goti la kushoto, lile lililopasuliwa Kindu, kupitia suruali na ngozi na nyama, bila nailoni, linazunguka mahali pake.

"Ramazani," nikasema. "Simama."

Akasimama, akatazama nyuma yake kama kuna nyoka. "Iko nini, Mama?"

"Hakuna kitu. Chuchumaa tena."

Akacheka, akachuchumaa. Wanaume waliokuwa wanasukuma baiskeli za mawese walisimama kutazama mama mzima, amevaa nguo za arusi, katikati ya matope, analia na kucheka kwa pamoja.

"Mama Zaina," Ramazani akasema kutoka chini, "munyororo nimeshamaliza."

"Najua," nikamwambia. "Tena."